Televisheni za Si Lamjed

Mheshimiwa Mwakilishi wa Gavana wa Sfax. Ndugu wajumbe wa kamati mliotupima bila huruma. Bibi mkurugenzi wetu, Lella Souhir. Wazazi, wanafunzi, na nyinyi mliosimama mlangoni kwa kuwa viti vimekwisha. Na wewe Bwana Lamjed, Si Lamjed wetu, mwalimu wangu, ambaye najua umekaa safu ya mbele kwa sababu nakusikia ukitafuna lozi: amani iwe juu yenu nyote.

Nimeombwa nimuage mwalimu na nifungue chumba cha kompyuta. Nitafanya yote mawili kwa pamoja, maana kwangu ni jambo moja.

Kwa miaka mingi kituo hiki kiliwafundisha vipofu kupokea simu. Ulipopiga hospitali au benki katika mji huu, sauti iliyokuunganisha ilifunzwa hapa na Si Lamjed, kipofu aliyefundisha vipofu. Kisha simu zikajifunza kujiunganisha zenyewe, na kazi yetu ikatufia mikononi. Je, mwalimu alilalamika? Alisema tu, "Basi tuisomee hiyo mashine iliyotunyang'anya."

Kamati ikakubali tuwe na darasa la kompyuta, kwa sharti moja: kipofu aichukue mashine tupu na kuifikisha kwenye neno lake la kwanza bila jicho la kuazima. Tukishindwa, darasa lingefungwa siku Si Lamjed anapostaafu. Kipofu aliyechaguliwa nilikuwa mimi.

Kwa msiotujua: kompyuta zetu hazina picha. Zina maandishi matupu, na ndani yake kuna programu mbili zinazoshirikiana kama jicho na ulimi. Moja inasoma maandishi yanayokwenda kwenye skrini, nyingine inayatamka. Zamani ulimi huo ulikuwa kisanduku kilichochomekwa nyuma ya mashine. Chetu kilikufa, na kingine hakikupatikana. Ilibidi ulimi wenyewe uwe programu.

Sasa, mashine zilipofika zilikuja na skrini. Wageni wetu kutoka Tunis, mnajua mnavyotusema sisi watu wa Sfax kuwa ni wabahili hata kwa bili ya umeme. Si Lamjed alipapasa skrini ya kwanza, akauliza, "Hizi televisheni za nini? Nani humu anatazama tamthilia?"

"Hakuna, Si Lamjed," tukajibu.

"Basi toeni. Pale tuweke sinia la chai."

Tukazifunga kwenye mablanketi, tukazitia ghalani. Chai ikapata nafasi nzuri sana.

Siku ya kupimwa, wajumbe wakinywa kahawa uani, nilianza. Diski ya kusakinishia programu ilizungumza nami tangu hatua ya kwanza. Ilisoma kila swali, nikajibu kila swali, na spika zetu mbili ndogo hazikukwaruza hata kidogo. Mwishoni ikaniomba niiwashe mashine upya, ili sasa iseme yenyewe. Nikaiwasha. Ikanyamaza.

Ninyi mnaoona, mashine ikinyamaza bado mnayo mbele yenu. Sisi ikinyamaza imeondoka. Niliweka kiganja ubavuni mwake. Ilikuwa na joto, feni ilizunguka. Ilikuwa hai, tena nilihisi kwamba inasema, ila si kwangu. Niliandika amri gizani, mtu anavyoandika barua asiyojua itafika wapi. Nilikagua waya. Nilipandisha sauti. Kimya.

Nizar, mwenzangu wa darasa, akanong'ona, "Labda imeona haya."

"Nizar, nyamaza."

"Mbona yeye akinyamaza humgombezi?"

Ndipo Lella Souhir akaingia amekumbatia skrini kutoka ghalani. "Binti yangu, niruhusu nitazame mara moja tu. Nitakwambia imeandika nini, basi."

Nilitamani kusema ndiyo. Mungu anajua nilivyotamani. Lakini Si Lamjed alimwahi: "Souhir, ukifungua macho, unafunga darasa."

"Haya, nimefumba! Lakini nimeibeba mpaka hapa, mgongo unaniuma, nami siirudishi kabla sijaichomeka." Akaiweka penye sinia la chai, akapapasa nyuma ya mashine, akatugonga sote kwa viwiko, akachomeka waya. Nikawasha upya. Tukangoja.

Kisha sauti nyembamba, ya mtu aliyebanwa pua, ikatoka mahali pa sinia la chai: "Andika jina lako."

"Nani huyo?" akauliza Si Lamjed.

Nizar akajibu, "Televisheni, Si Lamjed."

Mnacheka, na sisi tulicheka hadi chai ikamwagika. Mashine ilikuwa na njia mbili za kutolea sauti, na ilikuwa imechagua ile inayopita kwenye waya wa skrini hadi spika iliyo ndani ya skrini yenyewe. Ilikuwa ikizungumza wakati wote huo, lakini sisi tulikuwa tumeufungia mdomo wake ghalani. Sasa nikiisikia, niliiamuru itumie spika zetu, nikaichomoa skrini, nikaiwasha tena. Wajumbe walipoingia, skrini ilikuwa ndani ya blanketi lake na mashine ilikuwa ikisema.

Lella Souhir, nimewashukuru watu wengi kwa kunitazamia. Wewe ni wa kwanza ninayemshukuru kwa kutotazama.

Nawe Si Lamjed, ulinifundisha kwamba mtu akipiga simu na wewe humsikii, usikate. Huenda anasema kwenye waya mwingine. Siku ile sikukata. Kuanzia kesho darasa ni langu, na hilo ndilo jambo la kwanza nitakalowafundisha.

Mbele yako, mwalimu, kuna mashine ambayo bado haijawahi kusema. Kila kitu kimekwisha kuwekwa ila kitufe kimoja, nacho kipo chini ya kidole chako cha kulia. Skrini haipo, pale pana sinia.

Ndugu zangu, nawashukuru kwa masikio yenu. Sasa mpeni yeye. Bonyeza, Si Lamjed.