Bi Mkato na Jarida Lililomkatalia Mwenyekiti

Tarehe thelathini Juni mwaka huu, mhariri mkuu wa jarida letu la viumbe na mimea anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Jina lake kamili liko kwenye kadi ya mwaliko, lakini humu ndani hakuna anayelitumia. Ni Bi Mkato kwa mkurugenzi, kwa mlinzi wa geti, na hata kwa mumewe akipiga simu kuuliza kama leo tena atachelewa. Jina hilo alilipata mwaka wake wa kwanza, alipomrudishia mtaalamu wa popo makala yake na kumweleza kwa upole kwamba mikato iliyomo ilikuwa mingi kuliko popo.

Alikuja kwa miezi mitatu tu. Najua, kwa sababu nafasi aliyokuja kuishikilia ilikuwa yangu. Nilikwenda likizo ya uzazi, nikarudi na mapacha, nikakuta meza yangu imehamishiwa dirishani na fuvu la mamba limepewa kazi ya kuzuia karatasi zisipeperushwe na feni. Nilikuwa nimejiandaa kununa. Badala yake tulikunywa chai, tukagawana kazi: yeye maandishi, mimi uchapaji.

Wakati huo jarida la chama chetu lilikuwa kurasa chache za fotokopi, zikibanwa kwa stepla katika chumba cha nyuma ya makumbusho, kati ya stoo ya mifupa na jiko. Lilinuka dawa ya nondo, na toleo lilitoka likijisikia. Ndani ungekuta majina ya ndege walioonekana matembezini, na mara moja shairi refu la kumlilia kobe wa mwanachama. Waliolisoma ni wale wale walioliandika.

Bi Mkato, aliyesomea wadudu chuo kikuu, alikuja na wazo: kila makala ipelekwe kwa wataalamu wawili wa nje, bila jina la mwandishi, waseme kama inasimama. Baadhi ya wanachama walinuna. Mwenyekiti wa chama, mtaalamu wa vyura aliyemfundisha chuoni na ndiye aliyemleta kazini, alimuunga mkono kwa moyo wote. Kisha ikafika zamu ya makala yake mwenyewe.

Mwenyekiti alikuwa amepata vyura wadogo wa kijani wenye madoa meupe, akaamini ni aina mpya kabisa. Alishatangaza redioni. Wataalamu wote wawili wakajibu kwamba huenda hao ni watoto wa chura wa kahawia anayejulikana siku zote, na kwamba ushahidi hautoshi.

Alikuja ofisini, akafunga mlango. Mimi nilikuwa nyuma ya marobota ya karatasi na hakuna aliyenikumbuka.

"Mwanangu, ni mimi niliyekuleta hapa," alisema.

"Najua, Mwalimu. Ningependa kuitoa kuliko mtu yeyote. Lakini nikiitoa hii, kesho nitamkatalia nani?"

"Basi kamati itaamua nani anafaa kukaa kwenye hicho kiti."

Mwenyekiti alipoondoka, Bi Mkato alijaribu kumimina chai, ikaishia kwenye sahani. Akaanza kupanga vitu vyake kwenye boksi. Halafu akaacha, akampigia simu Mwalimu wake na kumwomba jambo moja: awafuge wale vyura hadi kikao cha kamati, miezi michache mbele, aone watakavyokua. Mzee akamkatia simu.

Kumbe aliwafuga, tena sebuleni, kwenye tangi la kioo, huku mkewe akilalamika kwamba panzi wa kuwalisha wanatorokea chumbani. Siku ya kikao sote tulijua kilichotuleta. Mwenyekiti akaingia amelikumbatia tangi, akalitua mezani. Ndani walikaa vyura wa kahawia, wasio na doa hata moja.

"Wamekua, jamani," alisema. "Nimewaona kwa macho yangu. Tuendelee na ajenda nyingine."

Yeye ndiye aliyeanza kucheka. Bi Mkato alicheka pia, akijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Baadaye Mwenyekiti aliandika upya, safari hii akieleza hatua kwa hatua jinsi chura huyo anavyobadili rangi, na wataalamu wale wale wakaipitisha. Habari zikawafikia watafiti wa nchi jirani kwamba kuna jarida lililomkatalia mwenyekiti wake, na makala zikaanza kumiminika. Leo tunatoa matoleo manne kwa mwaka, na tunasomwa mtandaoni na watu ambao hatutawahi kuonana nao.

Ni Bi Mkato pia aliyeshikilia kwamba kila makala iwe na muhtasari kwa Kiswahili cha kueleweka. Aliujaribu kwa mama mkwe wake: bibi akiuliza swali, muhtasari unarudi kwa mwandishi. Siku hizi bibi huuliza mwenyewe habari za konokono zimefikia wapi.

Si kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Toleo letu la kwanza la rangi lilikuwa na popo jaladani, ananing'inia kama popo yeyote. Fundi wa mtambo wa kuchapa, mtu mwema, akadhani tumekosea, akamgeuza kichwa juu. Bi Mkato alilitazama, akakaa chini, akacheka hadi fundi naye akacheka kabla ya kuelezwa kosa. Likatoka hivyo hivyo.

Miaka yote hii hakuchapisha humu utafiti wake hata mmoja. Aliona si haki mhariri kujihariri. Sasa anarudi kwa wadudu wake, wale wanaoviringisha mavi ya ng'ombe. Amenunua buti za mpira, na mumewe amekubali kumpeleka machungani, mradi asibebeshwe sampuli.

Dada, tunakushukuru kwa kila sentensi uliyoinyoosha na kila mwandishi mchanga uliyemrudishia makala bila kumvunja moyo. Mimi sijui nitakunywa chai na nani. Uende ukiwa na afya na miguu isiyochoka, uwapate wadudu ambao hakuna aliyewahi kuwaelezea, na ukishawapata, utuandikie.