Mzee Limau na Meza ya Mama Mkwe

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, karakana yetu ya mawe inamuaga fundi mkuu aliyeitumikia miaka thelathini na mbili. Jina lake halisi liko kwenye kitambulisho, lakini ukimuulizia kwa jina hilo getini, mlinzi atakuapia hakuna mtu kama huyo. Sisi tunamjua kama Mzee Limau.

Alianza kwa kuosha mawe, akapanda kwenye mashine ya kukatia, na mwisho akawa bingwa wa kung'arisha. Limau halikukosekana kwenye mfuko wa koti lake la kazi. Jiwe likishushwa tu, tone moja, kisha anainama kulisikiliza utadhani daktari. Graniti, alitufundisha, ilizaliwa motoni: ni uji wa mwamba uliopoa taratibu chini ya ardhi, ndiyo maana chembe zake zinaonekana kama mchele na choroko kwenye ungo mmoja. Ukiimwagia limau, haina habari nawe. Marumaru lilikuwa jiwe la chokaa la kawaida, likabanwa na kupikwa miaka na miaka bila kuyeyuka, likatoka limegeuka, lina michirizi na madaha. Lakini hilo ukiligusa kwa limau linatoa povu, na doa linabaki.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Akiwa bwana harusi mpya, alikwenda kumsalimia mama mkwe. Sebuleni palikuwa na meza ya marumaru aliyoachiwa na marehemu mumewe. Shemeji mmoja akatania kwamba ile ni saruji iliyopakwa rangi. Mkwe, kwa kutetea heshima ya nyumba, akachomoa limau mbele ya wageni wote, akadondosha tone mezani. Akatangaza kwa furaha kwamba ni marumaru halisi. Kweli lilikuwa halisi, maana doa lilikaa katikati, pana kama kisahani. Mama mkwe aliinuka. Alileta kitambaa akalifunika, na tangu siku hiyo mkwe akawa anapewa chai yake kwenye kigoda, karibu na mlango.

Mfinyanzi hulia gaeni. Mwenzetu aling'arisha meza za mji mzima, ila ile moja alikatazwa hata kuikaribia. Kila Jumatatu alikuja akilalamika kwamba yule mama ni graniti tupu. Tulicheka sana, jamani, lakini ilimuuma, na tuliona.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani ya kustaafu, hakutaka saa wala godoro. Alituomba tukamwombee msamaha kwa mama mkwe. Tukaenda, meneja, Mama Msasa wa kitengo cha kung'arisha, na mimi. Mama mkwe alitupekua mifuko mlangoni, wote watatu, akianza na meneja. Kisha akatukabidhi meza tuipeleke karakana.

Mzee Limau ameisugua wiki nzima, hakuruhusu mtu asaidie. Jana mama mkwe alikuja kuikagua. Alipitisha kiganja pale katikati, akakirudisha, akaagiza chai ya watu wawili iletwe juu yake.

"Limau liache kazini, mkwe," akasema. "Wewe njoo nyumbani."

Fundi wetu alilia, na atakayesema ni vumbi la mawe ni mwongo. Mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba hata graniti, ikibanwa vya kutosha, hugeuka.

Asante, mzee wetu, kwa mikono yako na vituko vyako. Limau lako tumeliweka dirishani. Nenda salama, uishi vyema, na chai unywe mezani.