Smiljana Rackov na Mbegu za Mzee Tima

Ifikapo tarehe 30 Novemba, Bi. Smiljana Rackov atakabidhi funguo za kituo chetu cha kukinga mimea baada ya miaka thelathini na saba, na kabichi za bonde hili zitabaki mikononi mwetu sisi tusio na macho yake. Sisemi hivyo kwa adabu tu. Nimefanya naye kazi miaka ishirini na sita, na bado doa la kuvu huniponyoka mpaka lifike ukubwa wa kifungo. Yeye huliona likingali kama ncha ya sindano.

Alipokuja, wakulima walimcheka na lenzi yake shingoni. Miaka ile madoa meusi yalikula majani kila vuli ya mvua, na jani lenye matundu halifungi sarma, ile nyama na wali tunavyoviringisha ndani ya jani la kabichi. Sasa nyumba isiyo na sarma siku ya mtakatifu mlinzi wa ukoo wake itawakaribisha wageni kwa kitu gani? Watu walipuliza dawa mpaka mabomba yakachoka, na mwaka uliofuata ugonjwa ukarudi pale pale. Ni Smiljana aliyegundua kosa letu. Kabichi za kutolea mbegu tulikuwa tunazilaza handakini wakati wa baridi, kisha tunazifunika kwa majani ya nje tuliyoyakata wakati wa mavuno. Ugonjwa tulikuwa tunautandikia kitanda wenyewe. Akatufundisha kufunika kwa mabua ya ngano, kuyafukia majani mabovu chini kabisa, kutorudisha kabichi kwenye shamba lile lile kabla ya miaka mitatu, na kuogesha mbegu katika maji ya digrii hamsini kwa dakika ishirini na tano, kuvu ife na mbegu ibaki hai.

Tangu hapo hakuna sherehe asiyoalikwa, ingawa kila sarma huifungua kwanza na kulitazama jani kwenye mwanga. Wenyeji humtania: "Kula, Smiljana, huyo mgonjwa wako kashapikwa, hana ugonjwa tena."

Aliponikubalia kuandika wasifu huu alinipa sharti moja: "Andika na la mzee Tima. Ukiliruka, usiandike kabisa."

Mzee Tima Bugarski alikuwa na kabichi bapa, yenye jani jembamba na tamu, ambayo ukoo wake haukuwahi kumgawia mtu mbegu yake. Miaka kumi na moja iliyopita madoa yaliingia mpaka kwenye mbegu zenyewe. Smiljana akamwomba chupa nzima ya mbegu akaziogeshe.

"Yote, binti? Hata kijiko nisibakize?"

"Ukibakiza kijiko umebakiza ugonjwa, mzee wangu. Niamini."

Akamwamini. Smiljana aliziogesha mbegu kwa mkono wake mwenyewe, na haikuota hata punje moja. Kipimajoto kilikuwa kinasoma digrii saba pungufu, na mbegu zilikuwa zimepikwa. Aliondoka kwa miguu kwenda kumwambia mwenyewe. Mzee akasema, "Keti ule, binti. Umeshafika." Hakupanda tena kabichi. Majira ya kuchipua yaliyofuata tulimzika.

Tangu mwaka ule Smiljana hapokei chupa nzima ya mtu. "Nusu rudi nayo nyumbani," husema, na wakulima hudhani ni kanuni ya kitaalamu. Na kila mwaka, siku ya mtakatifu wa akina Bugarski, huenda kukaa na mama Kaja, mjane wa mzee. Niliwahi kumwambia kwamba ubaya ulikuwa wa kipimajoto. Akanijibu, "Ostoja, anayeshika kipimo ndiye anayepaswa kukihakiki kwanza."

Sasa sharti lake limenishika mimi. Kipimajoto kile nilikiangusha mimi, siku moja kabla, kwenye sakafu ya maabara. Hakikupasuka. Nikakifuta, nikakirudisha mahali pake, nikaona si jambo la kumsumbulia mtu. Mbegu zilipokufa nilijua. Kwanza niliogopea kazi yangu, kisha nikaogopa macho ya Smiljana, na mwishowe miaka ikawa mingi mno. Nimemwona akizeeka na mzigo ambao nusu yake ni yangu, tena nusu iliyo kubwa, na nimeona haya kila siku.

Juzi nilikwenda kwa mama Kaja nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akimenya viazi, akaniuliza, "Na Smiljana anajua?" Nikasema hajui. "Basi kwangu umefuata nini?"

Smiljana, tunakushukuru kwa kila jani zima lililofika mezani petu. Ukiwa unausoma ukurasa huu kwenye hafla ya kukuaga, nimekaa safu ya mwisho karibu na mlango, na sitatoka. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na asubuhi zisizo na haraka. Nenda nyumbani ukapumzike. La mzee Tima liache hapa kituoni, nitakaa nalo mimi.

Ostoja Pejin, maabara