Fremu Ambayo Sikuivunja

Sabato njema, ndugu zangu. Miaka minne imepita na bado nina hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Nilikuwa fundi wa kupanga herufi za madini ya risasi katika kiwanda kidogo cha chapa mjini Kisii. Kazi ikiisha, fremu iliyobana herufi huvunjwa: herufi zote zinatolewa, zinaoshwa kwa mafuta ya taa, zinarudi kwenye visanduku vyake. Inachosha. Tajiri wetu, mwenye kiwanda, hakutaka. "Badilisha majina tu," alikuwa akituambia. Nami, nawaambia ukweli, nilifurahi kupunguziwa kazi.

Ikafika zamu ya kadi za harusi yangu mwenyewe. Nikavuta fremu ya harusi moja ya Wakatoliki. Nikabadilisha majina, kanisa, tarehe, saa. Jina la siku sikuligusa. Lilibaki Jumamosi.

Msicheke! Kadi zilishafika Nyakoe mpaka Nyamarambe, zinawaalika Wasabato kwenye karamu siku ya Sabato! Baba mkwe, naye ni mzee wa kanisa, akanirudishia yake mkononi.

"Kijana, njoo uchukue ng'ombe wako. Binti yangu haolewi na mtu anayechezea Sabato."

Tajiri naye akaniruka: kosa ni langu peke yangu, nifungashe niende. Na nyinyi hapa, nyinyi ndugu zangu, mlinibandika jina la Bwana Jumamosi. Niliumia sana.

Nikiwa nakusanya vitu vyangu, yule binti, mchumba wangu, akaingia kiwandani, amekunja mikono ya gauni.

"Vunja fremu," akaniambia. "Yote. Nikiiona tupu ndipo upange."

Tajiri akafoka. Binti akamwekea kitambaa cha mafuta ya taa mkononi. "Tajiri, na wewe osha."

Akaosha! Nawaambia, aliosha.

Tulipompelekea mzee kadi mpya, aliisoma mara tatu. "Na ile fremu?"

"Tuliivunja, Baba," binti akamjibu. "Nimeshika kila herufi."

Ng'ombe wakabaki kwake.

Namshukuru mzee kwa kusoma mara ya tatu. Namshukuru zaidi mke wangu, yule pale kwenye kwaya. Vijana, mkianza kazi mpya, msianzie juu ya mabaki ya jana. Vunjeni, osheni, hata mkubwa wenu akikataa.

Kadi moja ya Jumamosi mke wangu ameitundika juu ya kitanda chetu. Nikisema leo nimechoka, anainyoshea kidole tu, nami naamka.