Umelipia Nini

Wapendwa waombolezaji, maneno haya ni yangu mimi bibi yake marehemu, yanasomwa na mwakilishi wa familia kwa sababu macho yangu yamechoka na sauti yangu ikipanda haishuki, na niseme mapema kwamba kazi hii sikuitaka, mimi niliishia darasa la nne, na nyumba hii imejaa watu wenye vyeti ukutani, lakini kila aliyepewa kalamu aliililia karatasi mpaka ikalowa, wakasema basi aandike Bibi, yeye ana moyo mgumu. Haya, nimeandika. Msomaji nimempa sharti moja tu, asiruke mstari.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1994, alfajiri, katika wodi ya wazazi ya hospitali yenye geti la kijani, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa binti yangu, huyo aliyekaa mbele na kitambaa usoni, na kwa kuwa baba yao alitangulia mapema, watoto wote wawili, kaka na dada, walikulia kwangu, katika chumba cha nyuma ya duka langu la dirishani. Kwa utani wetu kaka alikuwa mume wangu na yeye alikuwa mke mwenzangu, na tuligombana kama wake wenza kweli, kuhusu sabuni, kuhusu shuka, kuhusu nani amemaliza sukari.

Alianza shule ya msingi mwaka 2001, lakini shule yake ya kwanza ilikuwa lile dirisha, maana jioni watu walisukumana pale, mikono inaingia kwa mpigo mmoja, huyu ametupa noti, yule ameshabeba mkate, na mimi kichwa kimeniruka, basi huyu mtoto, meno ya mbele hana, alikuwa anaikamata kila noti kabla haijaingia kwenye kopo la hela na kumwuliza mwenyewe, "Umelipia nini?", na asipojibiwa haiachii. Wateja wakamwita hivyo hivyo, Umelipia Nini, jina likamkaa mpaka sekondari, aliyoimaliza mwaka 2012, na mpaka chuo cha kompyuta, alikopata stashahada tarehe 24 Novemba 2017, nami nikahudhuria mahafali na viatu vya kuazima, vikanibana mpaka machozi, watu wakadhani ni furaha.

Kazi aliianza Januari 2018, katika ofisi ya ghorofani juu ya duka la vipuri, feni moja na mafundi watano, na nilipomwambia anieleze kazi yenyewe kama anamweleza mjinga, akasema, Bibi, mjinga simwoni hapa, ni kazi yako ileile ya dirishani. Kila kampuni ya malipo ina dirisha lake, mafundi wanaliita API, huingii ndani, unapitisha ombi lako na unajibiwa hapohapo, na yeye aliyaunganisha maduka ya mtandaoni na madirisha hayo, ili pesa ya mteja isifike peke yake kama yatima, ifike na maelezo ya oda yake, nani amenunua, amenunua nini, kipelekwe wapi, na mteja mwenye wasiwasi akibonyeza mara mbili, akatwe mara moja tu. Kabla duka halijafunguliwa alilijaribu kwanza, kuna swichi ya majaribio na swichi ya kweli, na kwenye majaribio pesa haitoki mfukoni mwa mtu ingawa skrini inaandika vilevile, Malipo yamepokelewa. Kila fundi ana mteja wake wa uongo wa kujaribia, na wa kwake nilikuwa mimi, Bibi Mkali, kandambili jozi moja, namba sita. Nimenunua kandambili katika maduka yote aliyoyaunganisha, na mpaka leo naenda bafuni peku.

Kuhusu ndoa, marehemu alichumbiwa tarehe 18 Desemba 2022 na fundi umeme, kijana mpole anayeomba radhi hata kwa mlango alioupiga kikumbo, na harusi ilipangwa Oktoba iliyofuata. Harusi haikufanyika, na watoto hakujaliwa, na sababu naisema sasa, msomaji, usiharakishe hapa.

Kaka yake alikuwa na duka la viatu mtandaoni, dada ndiye aliyeliunganisha, bure, na Agosti 2023 kaka alipata mgeni wa maana, mtu wa kutia mtaji, akataka kumwonyesha jinsi mteja anavyonunua bila yeye mwenyewe kukatwa senti, akaigeuza ile swichi, iliyo kwenye ukurasa wa mwenye duka, kwenda kwenye majaribio, wakacheka, wakanywa soda, wakaondoka, swichi ikabaki vile. Zaidi ya wiki nzima skrini iliwaambia wateja kwamba malipo yamepokelewa, wapakiaji wakapakia, viatu vikaondoka, na hakuna aliyelipa. Kaka alipoangalia akaunti na kukuta upepo, alisimama sebuleni kwa mama yao, mbele ya ukoo, akasema, neno la siri la malipo analo huyu peke yake, hela imekwenda wapi kama si kwake? Akawaambia na wafanyabiashara wenzake, nao wakamnyang'anya kazi mmoja baada ya mwingine, na wazazi wa fundi umeme wakaja na maneno laini kusema mwana wao ameahirisha.

Mimi sikuamini, lakini kutoamini kwangu hakukumrudishia kazi. Marehemu aliujua ukweli tangu siku zilezile, kwa sababu alipoifungua orodha ya oda za majaribio za duka lile alikuta oda ya kwanza ni viatu vya kiume, na mteja hakuwa Bibi Mkali, ameandikwa Bosi, na katika familia hii anayejiita Bosi ni mmoja tu, kaka yake. Akamfuata wakiwa wawili. Kaka akalia, akasema, mdogo wangu, nisitiri, huyu mtu wa mtaji akisikia ni mimi nimekwisha, nitasema mwenyewe watu wakitulia. Naye akamsitiri.

Alianza kuvimba miguu Februari 2024, wakasema ni figo, akawa anakwenda kusafishwa damu, ngozi ikawa kama karatasi ya khaki, na ugonjwa ndio uliomwua, simsingizii mtu kifo, figo hazisikilizi maneno ya watu. Ila kila nilipompelekea chai wodini alikuwa anauliza kabla hata sijaweka chupa chini, "Bibi, kaka ameshasema?", nami namjibu, kasema nini tena huyo, naye anageukia ukutani, "Basi. Atasema." Nilidhani ni dawa zinamchanganya. Alifariki tarehe 2 Oktoba 2025, mchana, nikiwa nimemshika kisigino kwa sababu mikononi kote kulikuwa na mipira.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule muuguzi mnene aliyeniruhusu kukaa baada ya kengele, inawashukuru majirani waliotuletea maji na kuni, na mafundi wenzake wa ghorofani, waliochangia jeneza bila kuombwa na ambao hawakuwahi kumwita mwizi. Mke mwenzangu, umechoka, lala, shuka ni lako lote, sikugombezi tena.

Limebaki moja. Juzi kaka yake alinifuata jikoni, akapiga magoti karibu na sufuria, akanieleza yote haya mliyoyasikia, kisha akatoa simu, akasema, Bibi, nitalipa kila kitu, viti, magari, hata kaburi lijengwe, niambie kiasi. Nikamwuliza swali la dada yake, unalipia nini? Akaibonyeza simu tena. Nikamwambia, mume wangu, simu rudisha mfukoni, wewe ni damu yangu na sikufukuzi, lakini karatasi ya msiba utaisoma wewe, yote, kwa sauti, mbele ya mama yako, na wafanyabiashara, na wale wakwe, na mtu asikushike bega wala asikupe maji.

Huyo anayewasomea ndiye. Sasa kunja karatasi, baba, geukia jeneza umtazame dada yako, useme lile aliloniuliza kila siku kama umeshasema, ambalo sikukuandikia humu, kwa sababu si mimi niliyenyamaza.