Mkakati Wangu Ulikuwa Supu ya Mama Felista

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, Ndugu Mkurugenzi, Baba Paroko, ambaye sehemu ya maneno haya alishayasikia wiki iliyopita kwa sauti ya chini, Laigwanani Moloimet, kiongozi wa mila wa wafugaji, na wazee wenzako mlioshuka kutoka Ngorongoro, wachinjaji wa Arusha, wakulima wa Kansay na Baray, akina mama wa jikoni, mabibi na mabwana.

Mshereheshaji wetu Hilary amenipa dakika tano. Daktari amenipa miezi mitatu. Nimevitafakari vyanzo vyote viwili na nimeamua kumwamini daktari. Naomba pia mniruhusu niseme nikiwa nimekaa, maana miguu yangu ilistaafu kabla yangu.

Chini ya kitambaa kile cha bluu kuna jiwe lililoandikwa "Leonce Tluway, Mwasisi wa Mkakati wa Mnada". Jina ni sahihi. Hayo mengine ndiyo yaliyonitoa kitandani leo.

Nilirudi Karatu kutoka chuo kikuu nikiwa na shahada ya mipango na saa ya mkononi, na sijui kipi nilikionyesha zaidi. Niliamini kwamba mji ni mahali ambapo watu wote wanafuata saa moja, ingawa nilikuwa nimeishi Dar es Salaam miaka minne, ambako kila mtu ana saa na wote wamechelewa. Basi nilipokabidhiwa mnada, niliandika kwamba ng'ombe wataanza kuuzwa saa mbili asubuhi na mnada utafungwa saa sita mchana. Muda wa ng'ombe kutembea kutoka juu Ngorongoro hadi hapa niliupima mwenyewe, kwa uangalifu mkubwa, nikiwa ndani ya Land Rover.

Mnacheka. Wakati ule hakuna aliyecheka, kwa sababu nilikuwa na cheo.

Siku ya kwanza wachinjaji walifika alfajiri na malori yao, wakala supu, wakasubiri. Saa mbili ikapita, ikapita saa nne, ikafika saa sita. Wakanitukana kwa adabu, wakaondoka. Saa saba na nusu ng'ombe wakatokea, mia tatu, wamependeza kama maharusi, na uwanjani nimebaki mimi na kipaza sauti. Nikamwendea Lekishon, aliyekuwa ametangulia kundi, nikamuuliza kwa nini wafugaji hawajali muda. Akanieleza kwamba walifika mtoni tangu alfajiri, wakatulia hapo hadi ng'ombe wale, wanywe, matumbo yajae. Kisha akaniuliza, kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa, "Bwana Mipango, ng'ombe mwenye kiu utamuuza kwa nani?"

Nikarudi ofisini kuandika taarifa. Kwenye safu ya changamoto niliandika neno moja: utamaduni. Nani kati yetu tuliokalia viti vya ofisi hajawahi kuliandika neno hilo mahali ambapo alipaswa kuandika kwamba hakuuliza?

Minada minne mfululizo ilikufa hivyo hivyo. Wa tano haukufa. Saa saba wachinjaji walikuwa bado wapo, wametulia, wanapiga soga na watu wa Kansay, na ng'ombe wote wakauzwa. Mkubwa wangu akanipigia simu kunipongeza. Nikamwambia ni mkakati. Ni mkakati gani, sikujua, kwa hiyo nikazunguka uwanja kuutafuta.

Niliukuta jikoni kwa Selestina, huyu tunayemwita Mama Felista, kwenye kona ile ya mashariki. Aliniambia hana alichofanya, isipokuwa amepunguza kuni. Supu ya mbuzi iliyokuwa ikiiva saa moja asubuhi, siku hiyo aliiachia iive saa saba. Mchinjaji akilalamika, anamfunulia sufuria, ananusa, anakaa tena.

"Hawa watu hawana haraka, Bwana Mipango," akasema. "Wana njaa. Wewe uliwapa ratiba, hukuwapa cha kusubiria."

Ndugu zangu, nimesoma mengi kuhusu miji na sijakutana na maelezo bora kuliko hayo. Lami haifanyi mji, wala taa. Mji unaanza pale ambapo anayefuata saa na anayefuata matumbo ya ng'ombe wake wanapata sababu ya kusubiriana.

Je, niliandika hivyo? Niliandika kurasa arobaini na mbili zenye kichwa "Mfumo Shirikishi wa Kuoanisha Muda wa Wadau". Neno supu halimo. Nikapandishwa cheo, nikapelekwa Dodoma kuwafundisha wengine. Mshiriki mmoja akauliza mfumo huo unaendeshwa na nini. Nikamjibu kwamba unaendeshwa na jamii. Ulikuwa unaendeshwa na kuni.

Hadi hapo tucheke. Sasa sikilizeni lisilochekesha. Miaka yote hiyo Mama Felista hakusema kitu. Kila nilipopita alinikaribisha bakuli, na mimi nikaiogopa kona ile kuliko nilivyomwogopa mkaguzi. Ulipoletwa mchoro wa mnada huu mpya, nami nikiwa mshauri, jiko lake lilikuwa ndani ya uzio. Nilichukua penseli nikausogeza mstari, jiko likabaki nje. Pembeni nikaandika: usafi. Ndiyo maana juzi amepewa barua ya kuondoka kabla ya Ijumaa. Watu wanamlaumu Mkurugenzi, lakini yeye alifuata mchoro. Mstari ni wangu.

Ndugu Mkurugenzi, kipaza sauti hicho hapo karibu nawe. Jiko libaki au liondoke?

Nashukuru. Wote mmesikia: libaki, na barua imefutwa. Karani, andika.

Limebaki jina. Leo asubuhi nilikwenda jikoni kumwomba msamaha, nikamwambia nitaomba jiwe lichongwe upya kwa jina lake. Alikuwa anakata vitunguu, na hakuacha kukata. Akasema, "Liache lako. Ukishakufa watu watauliza huyu Leonce alikuwa nani, na mimi nitakuwa hapa hapa kuwaeleza."

Sijajua kama huo ni msamaha. Najua ni haki. Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, vuta kitambaa.

Asanteni kwa kunisikiliza mimi. Mengine mtaelezwa na yeye.