Sungura Aliyekaa Mahali pa Sura ya Mkasi

Nje ya duka la kinyozi kuna benchi lenye mguu mbovu, na asubuhi ile wazoefu wa benchi hilo walikuwa wamejazana kuizunguka kompyuta ya Mkasi, kinyozi mwenyewe, kila mtu na kahawa yake. Mkasi ametoka hospitali juzi. Bintiye anayesoma mbali amesema asipomwona baba kwa macho yake leo, anaacha mtihani wa mwisho anarudi. Na kila wakipigiana, badala ya baba anatokea sungura mwenye miwani! Ni kamera ya bandia, programu ya kubadilisha sura waliyoiweka wenyewe kabla Mkasi hajaugua, wakichekeshana. Sasa Mkasi roho juu.

— Jana si nimeifuta? alisema Spana, fundi magari. Nimeitupa kwenye pipa la taka la humo humo kwenye kompyuta, na pipa nikalimwaga.

— Mbona sungura yupo? akauliza Mkasi.

— Kamera imeshamzoea. Hata gari lina tabia hizo.

— Wapi, akasema Karani, mstaafu asiyekosa jibu. Huo ni umeme wa mabaki. Toa betri, uianike.

— Niianike? akashangaa Mkasi.

— Kama godoro.

— Basi nianikeni na mimi, maana mtoto anafunga mizigo. Anasema, “Mnanificha, baba kazidiwa.” Asome miaka yote hii, aje aangushwe na masikio ya sungura?

Spana akashauri kamera isuguliwe na petroli. Karani akasema setilaiti ndiyo imemkariri sungura, labda waisubiri izeeke.

Dada wa duka la dawa la jirani, aliyepita kununua kahawa, akachungulia.

— Programu yenyewe mliiondoa, au mlifuta alama yake ya hapo mbele tu?

Spana akamtazama Karani. Karani akatazama kahawa.

Dada akaketi. Akafungua orodha ya programu zilizomo, akaiondoa ile ya sungura, akaizima kompyuta na kuiwasha, kisha akachagua kamera halisi. Mkasi akajiona: mashavu yameingia ndani, lakini ni yeye. Alifurahi mno.

Simu ya video ikaita kwenye kompyuta. Binti akamkodolea macho. Mkasi akasimama, akatembea hadi mlangoni na kurudi, aonekane. Binti akafuta machozi, akaanza kucheka.

— Haya, nimeamini. Mtihani nafanya. Ila baba, kinyozi mzima, nani kakunyoa hivyo?

Benchi zima likamgeukia Spana. Spana akaingiza mikono mfukoni.